Muhuri wa Njuguna

Free Area,
Nakuru, Kenya.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Wanyoike,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Mara ya mwisho tulipoongea mgongo ulikuwa ukikusumbua. Natumai umepata nafuu, na kwamba baridi ya huko Poland imewahurumia kidogo. Kimberly na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mama anatumia dawa zake za presha, ingawa siku hizi hali chakula vizuri. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni lakini hakuna mwenye moyo wa kuyapalilia.

Utashangaa nimekuandikia kwa karatasi siku hizi za simu. Barua hii ataileta Linah, yule binti wa jirani anayefanya kazi huko. Nimemwomba akupe mkononi. Kuna mambo sitaki yapite kwenye simu. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Najua umemkasirikia ndugu yetu Njuguna. Simu yake bado iko kwa polisi, kwa hivyo ule ujumbe wako uliingia kwa simu ya Cate, mkewe. Uliandika kwamba amekuaibisha mbele ya mabosi uliomwombea kazi, na kwamba ndugu mwongo si ndugu. Njuguna aliusoma, akamrudishia Cate simu, akatoka nje. Ndiyo maana nataka usikie yote kutoka kwangu.

Kwanza, ile good conduct, cheti cha polisi alichohitaji ili aje huko kazini, yenyewe ni halali. Nilikuwa naye Huduma Centre hapa mjini siku aliyochukuliwa alama za vidole. Unavijua vidole vyake, vimeliwa na grisi ya malori. Afisa alimrudisha anawe tena na tena mpaka mistari ikaonekana. Good conduct ilipotoka, ilisema hana rekodi yoyote ya uhalifu. Mama aliomba aishike, akaisoma kwa sauti pale jikoni kama mtu anayesoma somo kanisani.

Kilichobaki ni Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, ithibitishe kwa muhuri wake kwamba cheti kimetoka serikalini kweli, ndipo ubalozi ukipokee. Njuguna alikuwa barabarani, Mombasa hadi Malaba, na bosi wake alikataa kumpa hata siku moja. Akampa kile cheti Maxwel, yule mwenye meza nyuma ya duka la simu pale town, anayeshughulikia makaratasi ya watu. Kilirudi na muhuri na sahihi. Tulifurahi sana, kaka. Njuguna aliacha kazi ya lori wiki hiyohiyo.

Pale ubalozini, mama wa dirishani alikitazama cheti, akaingia nacho ndani, akakawia. Aliporudi alikuwa na mwanaume mwingine.

"Huu muhuri umeutoa wapi?" mwanaume akamuuliza.

"Wizarani."

"Ulienda mwenyewe?"

Angeweza kudanganya. Alisema, "Hapana. Kuna mtu alinipelekea."

Walikuwa wameshapiga simu wizarani. Muhuri haukuwa wa wizara, na aliyetia sahihi hawakumjua. Polisi wakaitwa. Ndugu yetu aliingia mle kuonyesha kwamba hajawahi kukosana na sheria, akatoka na pingu.

Mimi na Cate tulimkuta rumande bado amevaa lile koti alilonunua kwa ajili ya safari. Lilikuwa limechafuka na kifungo kimoja kimeng'oka. Aliuliza habari za Mama, akatuomba tusimlete. Cate alijikaza mpaka tukatoka getini, kisha akaketi chini kando ya barabara, nikashindwa kumwinua.

Maxwel hapatikani. Meza yake imeondolewa, na mamake haonekani tena kanisani.

Siku ya mahakama, wakili tuliyempata, Bi. Cheptanui, alituita pembeni kwenye korido. Ni mtu wa maneno machache.

"Ukikiri kosa, nafikiri utapigwa faini na urudi nyumbani leo," alimwambia. "Ukikataa, hii kesi inaweza kuvuta miaka."

Njuguna akamuuliza, "Na nikikiri, siku nikiomba good conduct ingine, itasema aje?"

"Itasema ulihukumiwa kwa kutumia hati ya kughushi."

"Basi siwezi, madam. Mimi sijaghushi kitu."

Akasimama mbele ya hakimu, akakana. Baadaye tulimtoa kwa dhamana.

Tulipokuwa tukitoka, Bi. Cheptanui alimuuliza tena, "Nani alikupeleka kwa huyu Maxwel? Kuna mtu mwingine ambaye Maxwel alimfanyia kazi kabla yako, anayeweza kuapa kwamba alijitambulisha kama mtu wa kazi halali? Mtu kama huyo akitoa taarifa ya kiapo, mambo yanaweza kubadilika. Bila yeye ni neno lako dhidi ya karatasi."

Njuguna akatazama sakafu. "Hakuna. Nilimsikia tu mtaani."

Nilimwamini. Lakini njiani kurudi nyumbani, tuliposimama Mai Mahiu kunywa chai, niliona hainywi. Nikamuuliza kinachomsumbua. Alisubiri Cate aende kunawa, ndipo akaniambia.

"Wanyoike ndiye alinipatia namba ya Maxwel. Maxwel ndiye alimfanyia makaratasi yake akienda huko. Nikimtaja, wataenda kuangalia cheti yake. Ako na watoto huko, Wangu. Mimi niko nyumbani tayari."

Sasa unajua, kaka. Ndugu uliyemwita mwongo amedanganya mara moja tu katika mambo haya yote, na alikuwa akikulinda wewe.

Sijui kama muhuri ulio kwenye cheti chako ni wa kweli. Labda enzi hizo Maxwel alikuwa bado anaenda wizarani. Labda la. Huko mliko mna mawakili. Mwone mmoja kabla hujafanya lolote. Sikulaumu kwa kumpa ile namba. Ulitaka kumvuta mdogo wako awe karibu nawe, na ulimwelekeza pale ulipopitia mwenyewe.

Hapa nyumbani hali si nzuri. Mwenye lori alishaajiri mtu mwingine. Njuguna anabeba viazi kutoka Kuresoi kwa malori madogo ya watu, zile canter, siku ambayo dereva wao ni mgonjwa, na wengine wakisikia ana kesi wanamwambia asubiri watampigia. Vijana wa stage ya matatu wamempa jina. "Niaje, Muhuri!" wanamwita akipita. Anacheka nao. Akifika nyumbani anaketi kitandani na viatu miguuni, na Cate anamwacha.

Mama hajui habari yako, na sitamwambia. Anauliza tu kwa nini humpigii Njuguna siku hizi. Nimechoka kumtafutia jibu.

Kesi itasikizwa Septemba. Bi. Cheptanui ameniweka kuwa shahidi, kwa kuwa nilikuwepo alama za vidole zilipochukuliwa. Njuguna amenisihi niape kwamba sitataja jina lako. Nilikataa. Nampenda, nawe nakupenda, lakini kiapo nitakachokula ni kile cha mahakamani, na nikiulizwa nitajibu. Nimeona afadhali ulijue hili sasa, kutoka kwangu, ungali na nafasi ya kulisema mwenyewe.

Nisalimie Kimberly, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anawataja kila jioni katika maombi yake, wewe wa kwanza. Cate anakusalimu. Njuguna hajui kwamba nimeandika, kwa hivyo hajatuma salamu, lakini picha yako ingali ukutani kwake.

Mungu akulinde huko ugenini, kaka, na akupe nguvu ya kufanya lililo sawa.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Wangu