Konzi Moja ya Chumvi

Mwikali, mdogo wangu,

Sijafungua bucha leo. Nimekaa kwenye kiti chako cha plastiki, kile ulichokuwa ukikivuta karibu na jiko ukija kula mbavu, mikono yako bado ikinuka spiriti. Wateja wawili wamepita wakagonga mbao, nikawaambia warudi saa sita. Nataka kukuandikia kwanza. Lile jambo tulilokubaliana kulificha, wewe na mimi, nimelitoa. Najua ungekasirika. Nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka siku uliyonipeleka maabara kwenu, kule Uthiru, walipokaribisha jamaa za wafanyakazi? Ulinitoa damu kidogo, ukaitia rangi zako, ukaiweka kwenye ile mashine ya kusoma seli. Nilitarajia kitu kikubwa, kumbe ni sanduku jeupe linalonguruma kama friji ya zamani. Ukanieleza kwamba ndani kuna uzi mwembamba wa maji, na seli hupita humo moja moja mbele ya leza, kila moja ikiulizwa wewe ni nani. Zinazong'aa rangi hii ni askari wa mwili, zinazong'aa rangi ile ni saratani. Kwenye skrini zikatokea nukta, maelfu, zikajikusanya kama mawingu.

"Huyo ni Mama anachambua ndengu," nikasema.

Ulicheka mpaka ukavua miwani, ile uliyoifunga uzi mweusi pembeni. "Mama ni mkali zaidi," ukasema. "Na hii mashine haitukani mtu."

Wanjiru, mwenzako wa meza moja, alikuwa kando akiandika majina kwenye vichupa. Ndiye aliyeniambia kwamba seli iliyokufa haisomeki, kwa sababu hushika kila rangi inayoletewa. Nilidhani ni maneno ya kazi tu, yasiyonihusu.

Halafu ukaugua wewe. Daktari alisema ni saratani ya damu, ile inayokwenda mbio, lakini lazima ijulikane ni ya aina gani ndipo upewe dawa yake. Hospitali ilikuwa ikipeleka damu za namna hiyo kwenu, kwenye mashine yako mwenyewe. Ijumaa ile, saa nane mchana, ukanipigia simu kutoka kitandani. Mtu wa kupeleka hakuwa amefika, na maabara ingeacha kupokea damu saa kumi, mpaka Jumatatu.

"Kaka, uko na pikipiki?"

"Iko."

"Kuja uchukue kichupa. Weka tu kwa mfuko ya shati. Isipate jua, isipate baridi. Hiyo damu iko hai."

"Sawa."

Nilisema sawa. Nilikipokea kutoka mkononi mwako kikiwa na joto. Kisha nikapita hapa Kenyatta Market kuchukua kofia yangu ya pikipiki, nikatazama jua. Miaka kumi na minane nimebeba nyama, ini, matumbo, damu ya kujazia utumbo wa mutura, na sijawahi kupitisha kitu chenye damu kwenye jua kama lile bila barafu. Nikajiambia umesema vile kwa sababu umechoka na hutaki kunisumbua. Nikajaza barafu kwenye sanduku la nyuma ya pikipiki, nikakifukia kichupa katikati, na juu nikamwaga konzi moja ya chumvi, hii ya kuchomea nyama, kwa sababu muuza samaki alinifundisha kwamba chumvi huifanya barafu iume zaidi. Nikafunga kifuniko vizuri sana. Nakumbuka nilijisifu.

Ngong Road ilikuwa imejaa, nikakata njia za ndani mpaka barabara ya Naivasha, nikafika Uthiru saa tisa na nusu. Wanjiru alikitoa kichupa kwenye barafu, akakiinua kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulibeba na nini hii?" Nikamwambia. Akakizungusha kwenye mashine yake ndogo. Maji ya juu, ambayo yalipaswa kuwa ya manjano, yalikuwa mekundu kama ya kuoshea ubao wa nyama. Akajaribu kuisoma hata hivyo. Nilisimama nyuma yake nikisubiri yale mawingu. Hayakutokea. Kwenye kona ya chini ya skrini kulikuwa na vumbi tu.

"Zimeganda zikapasuka," akasema. "Hakuna mtu wa kuuliza."

Alikupigia, akanipa simu. Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Kaka, umenibeba kama matumbo ya bucha." Ukaniambia, "Mama asijue ni wewe. Nitamwambia imeharibikia kwa maabara, basi. Ako na shida moja ya kulilia, usimpe ya pili."

Ulitolewa damu tena Jumatatu, jibu likaja Jumanne, dawa ikaanza Jumatano. Siku tano. Baada ya hapo ulikaa nasi wiki saba.

Hukuona yaliyotokea kijijini kwetu Mbooni tulipokuzika. Wanjiru alikuja na wenzake, akanyoosha mkono kumpa Mama pole. Mama akaurudisha wake chini ya leso. Alikuwa amesikia kwamba yeye ndiye aliyeipokea ile damu maabara. "Wewe ndiye uliharibu damu ya mtoto wangu," akasema, na watu wote walisikia. Wanjiru aliniangalia mara moja. Mimi nilikuwa nimemshikia Mama mwavuli. Niliendelea kuushika. "Pole, Mama," akasema yule msichana, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria.

Tangu siku hiyo natia chumvi kwa kijiko. Wateja wananicheka. Yule fundi viatu wa upande wa pili huniuliza, "Buda, hiyo ni chumvi ama dawa ya minyoo?" Nami hucheka naye.

Sasa, Jumapili hii ilikuwa maombi yako ya mwaka mmoja, kule nyumbani Waithaka. Alhamisi Wanjiru akanipigia. "Kaka, nimesikia mko na maombi. Nitaomba nikiwa kwangu. Sitaki Mama aumie tena." Hakuwa analaumu, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe kulala. Ijumaa mchana nikafunga mapema, nikaenda Uthiru.

Meza yako amepewa mtu mwingine, lakini ile picha ya hadubini bado imebandikwa ukutani: askari mmoja wa mwili, mdogo, amejibana kwenye seli ya saratani inayomzidi mara tatu. Chini yake mwandiko wako wa penseli, "Huyu hajachoka." Nilisimama hapo mpaka Wanjiru akaniletea kiti.

Nikamuuliza lile swali. "Zile siku tano. Zilimuua?"

Alipangusa meza ambayo ilikuwa tayari safi. "Sijui, Kaka. Ule ugonjwa unakimbia. Labda zingesaidia. Labda ingekuwa vilevile. Nikikuambia hapana nitakuwa nakubembeleza, na Mwikali hakuwa anatusomea majibu hivyo."

"Na mbona hukumwambia Mama ni mimi?"

"Mwikali aliniomba nisiseme." Akakikunja kitambaa cha kupangusia. "Na nilifikiri utasema mwenyewe."

Nilirudi Waithaka nikiendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa jikoni na sinia mapajani, anachambua ndengu za wageni. Unajua vidole vyake. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake. Nilianza mara mbili nikaishia kuuliza kama kuna maji. Mara ya tatu nikasema, "Mama, ile damu ya Mwikali si Wanjiru aliiharibu. Ni mimi." Nikamweleza yote. Barafu, sanduku, simu yako.

Vidole havikusimama. Akatupa kijiwe kimoja, akatupa kingine.

"Chumvi kiasi gani?"

"Konzi moja."

"Konzi moja," akasema. Akaitazama mikono yangu. Nilingoja anilaumu kwa kifo chako. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo mwaka mzima, nilikuwa hata na maneno. Hakulitaja. Aliweka sinia chini na kusema, "Umeniacha nimtukane mtoto wa wenyewe kaburini kwa mtoto wangu. Na wewe umesimama hapo na mwavuli."

Nikasema ulitaka nisiseme. Akasema, "Mwikali alikuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa na ugonjwa gani?"



Akavaa viatu, akajifunga leso, akamimina zile ndengu zilizokwisha kuchambuliwa kwenye mfuko. Alinionyesha pikipiki kwa kidevu. Nikampeleka Uthiru. Langoni mwa maabara mlinzi alituandika, na Wanjiru, aliyekuwa na zamu siku hiyo, akatoka na koti jeupe, akamwona Mama, akasimama mbali. Mama ndiye aliyetembea. Sikusikia walichosema, nilibaki kwenye pikipiki kwa sababu niliona si haki yangu kusikia. Niliona tu Mama ameushika mkono wa yule msichana kwa mikono yake miwili, na mfuko wa ndengu unaning'inia katikati yao. Walikaa hivyo muda mrefu. Baadaye Wanjiru akamwingiza ndani. Mama alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alionyeshwa ile picha yako ya ukutani.

Jana, Jumapili, Wanjiru alikaa safu ya mbele, kwenye kiti cha jamaa, kando ya Mama. Mimi nilikuwa uani kwenye jiko na mbuzi. Mama alikuwa hajanisemesha tangu jikoni, siku nzima na nusu. Akitaka kitu alikuwa akimtuma jirani aniambie. Maombi yalipoisha alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya moto, akakata kipande cha ubavu kwa kisu changu, akakitafuna taratibu. Nilikuwa nimeshika kijiko.

"Haina chumvi hii," akasema.

"Naongeza, Mama."

Akakichukua kile kijiko mkononi mwangu, akakitia mfukoni mwa aproni yake. "Tia kwa mkono," akasema. "Kama ulivyokuwa ukitia."

Akasimama pale mpaka nikaingiza mkono kwenye kopo, nikashika konzi, nikainyunyiza. Nyingine ikaanguka motoni ikalia. Kisha akaenda kuwagawia watu ndengu.

Basi hilo ndilo nililotaka ulijue. Wanjiru amerudishiwa jina lake zuri. Mama amenipa salamu asubuhi, fupi, lakini amenipa. Ile picha yenye mwandiko wako wa penseli Wanjiru atanitolea nakala, nitaibandika hapa juu ya jiko, ikipata moshi usilalamike. Saa sita imekaribia na fundi viatu ameshaanza kuchungulia. Lala salama, mdogo wangu. Kiti chako nakirudisha mahali pake.

Mimi kaka yako,
wa bucha.