Kifungu cha Lugha

Jumatatu, 1 Juni 1981

Nimekamua ng'ombe, nimeng'oa maharage mpaka ukungu ulipoondoka. Mikono imekufa ganzi. Nimeshazoea joto la Dar es Salaam, baridi ya Karatu inanionea.

Mchana alikuja Fabiani, mwenyekiti wa chama chetu cha wanafunzi wa Karatu chuoni. Mimi ni katibu. Mshauri wa Wanafunzi amekataa katiba yetu. Tumeandika kwamba mwanachama lazima awe Mwiraqw. Sheria ya chuo inataka chama kimpokee mwanafunzi yeyote anayeomba, wa kabila lolote. Tusipobadilisha tunafutwa. Tukifutwa hatupewi darasa la kufundishia watoto wa kidato cha nne walioko likizo. Mwalimu mkuu wa sekondari ya hapa anatuazima darasa kwa sababu ya jina la chuo tu.

Fabiani anasema tubadilishe maneno, mambo yataendelea vilevile. Nikamwambia kuna mtu ameshaomba.

Jumatano, 3 Juni

Aliyeomba ni Naserian. Mmasai wa kijiji cha Piyaya. Chuoni tunalala chumba kimoja. Kwao hakuna mwingine aliyefika chuo kikuu, kwa hiyo hana chama cha kwenda. Anasomea kufundisha hisabati. Sisi mwalimu wa hisabati hatuna.

Nimemwambia baba atafikia kwetu. Baba akaweka kikombe chini, akatoka. Mdogo wake, baba mdogo Tarmo, alichomwa mkuki na Wamasai siku ng'ombe wetu walipoibwa, akafa. Nilikuwa mdogo. Namkumbuka kicheko tu. Baba anamkumbuka kwa kila kitu.

Ijumaa, 5 Juni

Naserian amefika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Basi la kutoka Wasso, upande wa kwao, liliharibika huko juu Ngorongoro, wakalala humo humo. Alimwamkia baba. Baba aliitikia akiwa amewageukia ng'ombe.

Nilimweleza habari za baba mdogo. Akasema kaka yake naye alikwenda kwenye mambo hayo hayo ya ng'ombe, hakurudi. Hakusema nani alianza. Sikuuliza.

Jumamosi, 6 Juni

Mkutano. Kifungu cha uanachama kimefunguliwa kwa wote, bila ubishi, na makofi juu. Nilishangaa. Halafu Fabiani akaleta kifungu kipya: mikutano na shughuli zote za chama ziendeshwe kwa Kiiraqw. Wengine walicheka chinichini.

Naserian akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, kama hamnitaki semeni wazi, nitapanda basi kesho. Lakini msinipokee halafu mkaninyima kusikia."

"Hiki ni chama cha nyumbani," Fabiani akasema. "Nyumbani tunaongea cha nyumbani."

"Na hapa tulipo mnaongea nini?"

Fabiani mwenyewe alikuwa akiongea Kiswahili tangu asubuhi.

Nikanyoosha mkono. Nilisema tumesoma kwa Kiswahili, tumeimba kwa Kiswahili tulipokuwa jeshini kwa mujibu wa sheria, na hakuna aliyesahau kwao. Nilisema Mshauri atauliza kifungu hiki kimewekwa kwa ajili ya nani, na mimi ndiye nitakayemjibu. Nitamjibu ukweli. Fabiani akaniita msaliti.

Tulipiga kura. Kifungu kimeanguka, kwa kura chache sana. Fabiani akatoka, karibu nusu ya wanachama wakamfuata. Binamu yangu alikuwa miongoni mwao, hata hakunitazama.

Nina hasira. Nina hofu pia.

Jumanne, 9 Juni

Masomo yameanza. Walimu hatutoshi. Naserian alifundisha asubuhi nzima. Watoto wawili walichukua madaftari yao na kuondoka walipojua anatoka wapi. Waliobaki walimuuliza maswali mpaka sauti ikamkauka.

Sokoni mama anaulizwa kwa nini tumemkaribisha Naserian kwetu. Anasema ni mgeni.

Ijumaa, 12 Juni

Fabiani amekuja nyumbani. Si kwangu, kwa baba. Nilikuwa jikoni na Naserian, tukasikia yote. Alimwomba baba anizuie. Akasema ninawafundisha watu kusahau damu ya Tarmo.

Nilingoja baba akubali. Nilikuwa na hakika.

Baba akasema, "Tarmo ni mdogo wangu mimi. Wewe hukumzika. Usiende naye kwenye mikutano yenu."

Fabiani akasema hakuwa na nia mbaya, mzee. Baba akamwambia aende salama.

Naserian aliendelea kuchambua mboga. Baba alipoingia kula hakumsemesha. Sijui nilitegemea nini.

Alhamisi, 18 Juni

Binamu amerudi kufundisha. Kiingereza, darasa la mchana. Wengine hawajarudi. Fabiani anakutana nao kwake, bila jina la chuo.

Jumapili, 21 Juni

Naserian ameondoka asubuhi. Mama alimfungia viazi na chupa ya maziwa. Katiba nimeituma posta juzi. Chama kipo, kimepungua.

Nimefua, nimeanika. Jua lilitoka kidogo.

Jioni baba aliuliza kama basi la Wasso huwa linafika kabla ya giza. Nikasema inategemea.

"Barabara ile ni mbaya," akasema, akaenda kufungia ng'ombe.