Mbunge Asiyesema Neno

Uingereza, Jumapili ya pili ya Septemba.
Mwaka wa sita tangu niondoke Machame.

Mdogo wangu Aminieli,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Goti la mama linaendeleaje? Na ng'ombe, ameshazaa? Mimi mzima, ila mgongo. Kazi ni ile ile: nafyeka majani kwenye makaburi ya kanisa la zamani na kusugua ukungu wa kijani kwenye mawe. Mvua ya huku haina adabu, hainyeshi ikaisha.

Kuna mtu mmoja ambaye jiwe lake nalisugua kila mwezi. Alikuwa mbunge wa hapa, zamani sana, Waingereza walipopigana wao kwa wao, mfalme upande huu, bunge upande ule. Si mbunge mkubwa. Bibi anayetunza funguo za kanisa ndiye aliyenisimulia.

"Bungeni alisema nini?" nikamwuliza.

"Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Alikaa nyuma. Wenzake wakisimama, naye anasimama."

Kaka yake alikuwa wa mfalme. Bunge likaamua watu wa mfalme wanyang'anywe mashamba. Siku jina la kaka yake linasomwa, yeye yumo humo ndani, kimya.

"Shamba likaenda kwa nani?"

"Kwake."

Walipomshitaki mfalme wamkate kichwa, akaugua homa, hakwenda. Mtoto wa mfalme aliporudi kutawala, homa ikapona, akaenda kupiga magoti. Akafa kitandani kwake. Kaka yake alifia chumba cha kupanga. Na kwenye jiwe wameandika: Mtu wa amani.

Nilicheka mpaka bibi akaogopa. "Kinachokuchekesha nini?"

"Huyu namjua," nikamwambia. "Yuko Machame, anafuga ng'ombe."

Aminieli, baba alipoonyesha kipande cha shamba cha chini ya mfereji tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na wewe. Alisema, "Hiki cha Eliakunda. Wanasema hurithi wa kwanza na wa mwisho, lakini wa katikati naye ni mtoto." Baba hayupo tena. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo akasema aliyevuka bahari hana kihamba, shamba la ukoo si lake. Ulikuwa umeketi hapo, na kinywa unacho. Mama anasema ulikuwa unatazama kata yako ya pombe ya mbege tu. Kipande kikaunganishwa na chako.

Sasa umenitumia isale, jani letu la kuombea msamaha, kwenye simu. Isale ya picha! Wewe unajua inavyokwenda: inafungwa fundo, mzee anaibeba mpaka mlangoni, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Hii ya simu ameibeba nani? Tena picha nimeikuza. Nyuma ya mkono wako naona masale yaliyopandwa kuwa mpaka wangu yameng'olewa, yamelala kwenye udongo. Umeniomba msamaha kwa jani la mpaka uliong'oa.

Msalimie mama, na mkeo, ambaye hana kosa, na shangazi. Baba mdogo usimpe salamu yangu. Mwambie aitishe kikao siku ya pili ya Krismasi, na wewe useme alichosema baba, kwa sauti, mama asikie. Ukinyamaza tena, huko nitakuwa na mama, mdogo sina.

Ni mimi kaka yako, Eliakunda. Tiketi nimekata. Natarajia kuwa Machame wiki moja kabla ya Krismasi, na nitafikia kwa shangazi.