Kisanduku cha Badakhshan

Shoga, nimeharibu! Dada Savsan amezuiwa kwenye kizuizi cha barabarani, bado mwendo wa saa nne afike kwetu Khorog, huku milimani Tajikistan. Na ile viza ya mtandaoni nilimjazia mimi!

Sikuweka tiki kwenye kisanduku cha kibali cha kuingia mkoa wetu wa Badakhshan. Kitiki kimoja, shoga! Sisi wazaliwa wa huku, nani huomba ruhusa kwenda kwao?

Askari kamwambia, "Pasipoti ya Kijerumani, dada. Wewe mgeni."

"Mgeni? Mama yangu anakata roho huko!"

"Rudi mji mkuu, Dushanbe, ukaombe upya."

Kibali kipya siku tatu! Daktari kasema mama hafiki kesho.

Nikajaribu kumficha mama habari hizi, akasikia. "Mimi sihitaji kibali. Nipakieni garini, nimfuate."

Tumeshatoka, shoga. Kanilalia mapajani, kila kona anauliza, "Tumefika?"