Usitafute Tena Gari Jekundu

Mpendwa mdogo wangu Nabintu,

Usitafute tena gari jekundu. Naanza na hilo kwa sababu sijui gazeti hili litakufikia likiwa zima au likiwa limefungiwa karanga, na kama utasoma mstari mmoja tu, uwe huo.

Barua hii ni ya wazi kwa kuwa sina pa kuituma. Tangu kambi za wakimbizi za Kanyaruchinya zilipovunjwa, na watoto uliokuwa ukiwafundisha wakatawanyika na wazazi wao, simu yako haiiti. Nimeuliza kila mtu. Wote wamekuona, na kila mmoja alikuona mahali tofauti.

Unakumbuka agizo la mama. Siku ile mlima ulipotema moto na mtaa wetu wote wa Murara ukawa barabarani na magodoro kichwani, alisimamisha gari lake katikati ya watu, akatoa kichwa dirishani. "Tukipoteana, kila mutu atafute gari nyekundu," alisema. "Mimi siende mbali nayo." Na kweli wote tulilipata, hata jirani yetu mwenye mbuzi. Gari la mbio la milango miwili, tumbo likikwaruzwa na mawe ya lava, na mbuzi wa watu amekaa nyuma kama waziri.

Mama, muuza vitenge, alikuwa amelipitisha mpaka wa Bunagana likiwa na usukani upande wa kulia, kama lilivyotoka kiwandani, na hakuruhusu liguswe. Katika nchi ambako sote tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hakuweza kuona mbele ya lori alilolifuata. Kwa hiyo wewe ulikaa kushoto ukawa macho yake. "Nabintu, kuna mutu?" "Kuna mutu, mama. Ngoja. Ngoja. Pita." Naye alipita bila kuuliza mara ya pili. Mimi niliyekuwa nyuma nilifumba macho kila mara, nanyi mlinicheka hadi nyumbani.

Wewe ndiye uliyetaka kulibadilisha. Ulitaka magurudumu mapana, vioo vyeusi, bomba la kunguruma. Nilikupinga mezani kwa hotuba ndefu, kwamba anayeongeza kelele kwenye kitu kizuri hajawahi kukiona uzuri wake. Uliendelea kutafuna majani ya sombe, kisha ukasema, "Kaka, kula. Hotuba yako iko na kelele kupita ile bomba nataka." Mama aliweka kijiko chini kwa kucheka.

Hata leo naamini nilichosema, na ndiyo sababu nina hasira. Wanaume wawili wenye bunduki walisimama langoni juzi, mchana kweupe. Mmoja alipitisha kidole juu ya rangi, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Hii gari ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mama iko wapi?"

"Alifariki."

"Basi haina mwenyewe," alisema. Hakutania. "Tutarudi."

Tangu siku hiyo pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, nazima taa. Nimehamisha gari, na sitaandika limelala wapi. Wapo watakaosema kwamba watu wanakufa na huyu analilia bati. Waje waseme hivyo langoni kwangu. Nimesoma vitabu vingi juu ya ujasiri, na sasa nashuku kwamba vingi viliandikwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia "tutarudi". Gari hili ndilo ninalolitumia kukutafuta. Wakilichukua, nitabaki na miguu yangu na makala zangu, na vyote viwili havifiki mbali.

Papa Deo, fundi aliyelitunza tangu enzi za mama, amelizunguka mara nyingi akisugua shingo.

"Patron, hii rangi itakuuwa. Tuipake kijivu, rangi ya mawe. Tuipandishe juu. Hii bawa ya nyuma tuikate."

"Mama angekutoa na fagio."

"Angenitoa, ndiyo. Lakini yeye hayuko, na bale ba bunduki bako."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Hofu ya wale wawili naweza kuibeba. Nyingine inanishinda: kwamba utakuwa umesimama kando ya njia na kifurushi chako, ukitafuta rangi nyekundu kama mama alivyokuagiza, nami nipite karibu nikiwa ndani ya gari la kijivu, na mavumbi yangu yakufunike. Ukiliona kijivu hutaangalia mara mbili. Nikiliacha jekundu, sitafika hata kukupita.

Nimekubali. Kesho Papa Deo ataanza. Rangi itabadilika, gari litapandishwa, bawa litakatwa. Alipotaja pia usukani, kwamba auhamishie kushoto ili lifanane na magari mengine, nilimkatalia kwa sauti iliyowafanya wasaidizi wake wageuke. Kiti cha kushoto kina mwenyewe.

Basi sahau rangi, Nabintu. Tazama mwendo. Katika barabara ya kwenda kaskazini utaona gari dogo la kijivu limejibanza nyuma ya lori la mkaa, na wote wanalipita wakilipigia honi na kulitukana. Lina nguvu ya kuyaacha malori yote ya Kivu, lakini haliwezi kupita hata moja, kwa sababu ninayeendesha sioni mbele na hakuna wa kuniambia kama kuna mutu. Likifika ulipo, usipunge mkono. Fungua tu mlango wa kushoto. Sitaufunga.

Wenye bunduki nao wanasoma, najua. Nyuma ya malori ya mkaa magari ni mengi. Kwa ajili yao, mimi niliyezoea kuweka jina langu kamili chini ya kila ugomvi, leo naweka lile tu unaloniitia.

Kaka