Watoto Wasioomba Kitu

Jumapili, Bigwa. Mvua haijakatika tangu alfajiri na mlima umefunikwa wote. Nimejifungia chumbani, naandika kwenye simu ya marehemu mama, maana leo nina la kuungama.

Miezi miwili iliyopita, baada ya kumzika mama kule Tabora, mimi na mdogo wangu Baraka tulikuja kuishi kwa dada yake mama, Mama Mkubwa, na mumewe. Kabla ya hapo tulikuwa tumewaona mara moja tu, kwenye msiba wa baba. Ndani ya basi nilimpa Baraka masharti. Usiombe kitu. Usiongeze chakula. Sahani yako osha mwenyewe. Ana miaka saba, na ameyashika kuliko sala zake. Akijisahau, namfinya paja chini ya meza.

Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyopendwa ugenini.

Asubuhi hii nimemsikia Mama Mkubwa barazani akimwambia mumewe, "Hawa watoto hawana raha na sisi. Hawaombi hata chumvi. Shangazi yao Tabora yuko tayari kumchukua mdogo, labda tumwachie tu." Alikuwa karibu kulia.

Tutatenganishwa kwa sababu ya adabu yangu!

Mchana tulikula wali na maharage. Mama Mkubwa alipoanza kukwangua sufuria, Baraka akautazama ukoko, kisha akanitazama mimi. Mkono wangu ulishafika pajani kwake. Nikaurudisha, nikamkonyeza.

"Mama Mkubwa," akasema kwa sauti ndogo, "huo ukoko ni wa nani?"

Mwiko ukasimama. Baba Mkubwa akadakia, "Wangu! Tangu nimuoe huyu mama, ukoko wa nyumba hii ni wangu."

"Basi tugawane."

Baba Mkubwa alicheka hadi akapaliwa. Mama Mkubwa akampa Baraka sufuria nzima, akageukia dirishani kufuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, nikupe nini?"

"Hamna, Mama Mkubwa. Nimeshiba, ahsante."

Ona nilivyo mjinga! Mtoto mdogo amethubutu, mimi bado nimekwama palepale. Nilimwona anavyonyong'onyea, akachukua vyombo akaenda zake jikoni. Na wala sikushiba. Jino la nyuma linaniuma tangu Jumatano, nimekuwa nikitafuna upande mmoja na kuacha nusu ya chakula. Nilikuwa naogopa kusema wasije wakaniona mzigo.

Namsikia bado yuko jikoni, peke yake, anapanga sahani. Nimeandika maneno yangu hapa kwanza ili yasinikwame kooni nikifika mbele yake.

Mama Mkubwa, jino linaniuma. Naomba unipeleke hospitali.

Naweka simu chini. Naenda.