Jino Moja, Fundi Iddi

Fundi Iddi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu nina raha na wewe. Ungekuwa hai ningekununia wiki nzima, ningekuwekea chai yako juu ya betri mbovu bila kusema neno, na wewe ungejifanya huoni. Sasa nanuna peke yangu na hakuna wa kunibembeleza.

Nianze na mdogo wako. Arobaini yako ilipokwisha tu, Salumu alikuja gereji na kiti chake cha plastiki, akakiweka pale mlangoni ulipokuwa unapenda kusimama, akakaa. Mpaka leo amekaa. Spana anaishika kwa nadra, na akiishika ni afadhali asingeishika. Anachokijua ni sentensi moja. Akija mteja analalamika, Salumu anaangalia chini, anashika kifua, anasema kwa sauti ya msibani: "Hiyo aliifunga marehemu. Mungu amlaze pema." Mteja gani atagombana na marehemu? Wanatoa pole, wanalipa tena, wanaondoka.

Kuna dada mmoja anafanya kazi Mtumba, gari lake dogo jeupe. Breki zilikuwa zinalia mpaka mbwa wa Ihumwa wanaitikia. Salumu akatoa sentensi yake. Yule dada akamkazia macho: "Marehemu yupi tena? Mimi gari nimelileta hapa wiki iliyopita, na ni wewe uliyelifunga." Unajua alijibu nini? "Basi ni vile vifaa alivyoacha." Fundi, nilitamani ardhi ya Kondoa ulikolala ifunguke utoke umpige kibao, kisha urudi ukalale.

Kwa hiyo Mzee Athumani alipofika na pikapu yake ya bluu, mimi nilikuwa nimeshajaa. Unamkumbuka, yule wa alizeti, anayesalimia mpaka kuku. Safari hii hakusalimia mtu. Alisema gari lake halina nguvu tangu lilipobadilishwa mkanda wa taimingi hapa kwetu. Likiwa tupu linajikongoja, likiwa na magunia linagoma kilimani, petroli linakunywa na likisimama linatetemeka. Mafundi wa huko kwao wamebadilisha plagi, wameosha nozeli, wameweka pampu mpya ya mafuta, na gari ni lile lile. Alizeti yake ilikuwa imekaa nyumbani inaliwa na panya huku wenzake wameshakamua.

Salumu akashika kifua.

Sikumwacha amalize. Nilipiga kelele mbele ya watu wote, mbele ya Mama Chapati na vijana wa bodaboda, nikasema Fundi Iddi hajawahi kukosea taimingi tangu nimjue. Nikasema, "Nafungua sasa hivi, na nikikuta ni kazi ya marehemu, navua hii ovaroli naondoka na sirudi." Salumu akasema sawa, akageuza kiti chake atazame vizuri.

Nilikuwa na uhakika, Fundi. Kazi yako naijua kama mwandiko. Siku ya kwanza uliniambia injini ni watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, na taimingi ndiyo inayowapa zamu. Mmoja akiwahi, mwenzake anapigwa mtwangio wa mkono. Kwa hiyo hukuamini macho matupu. Ulichukua ile chupa ndogo ya rangi ya kucha ya mkeo Mama Zuhura, nyekundu, ukaweka nukta kwenye gia ya juu, nukta nyingine kwenye chuma inapotakiwa kutazama, na kijimstari mgongoni mwa mkanda mpya ili ujue ni wewe uliyeuvalisha. Kisha kabla ya kufunika: "We Yona, usiwashe kwanza. Zungusha kwa mkono." Mizunguko miwili, taratibu, nukta zirudi zitazamane. Niliposahau ulinichapa kwa tambara la grisi shingoni, nami nikaenda nyumbani nanuka injini.

Salumu hakuzijua nukta hizo. Hakuwahi kuinama karibu yako hata siku moja. Mimi nilijua nitafungua mfuniko nikute mkanda hauna rangi yoyote, kazi ya mtu mwingine, na nitamwonyesha Salumu mbele ya watu.

Nikafungua. Kijimstari kilikuwepo. Chekundu, kimepinda, kimemwagikia pembeni kama kimeandikwa na mtu aliye ndani ya gari linalokimbia barabara mbovu. Nikazungusha krenki mpaka kwenye alama yake ya chini, nikatazama juu. Nukta zako hazikutazamana. Gia ilikuwa imepita jino moja.

Jino moja tu, Fundi! Wewe!

Nilisimama pale na kichwa ndani ya boneti, na hapo ndipo nilipokumbuka zile chapati. Miezi yako ya mwisho, kila ukifika kwenye kufunga taimingi, ulikuwa unanituma. "Yona, kaniletee chapati. Yona, nenda kwa Mama Chapati, mwambie azichome vizuri." Wewe uliyekuwa unanivuta sikio nisogee nione, ulianza kunifukuza. Nilidhani ni njaa ya wagonjwa. Nilifurahi hata, nikasema mzee anakula, atapona. Nikirudi nakuta mfuniko umeshafungwa na wewe unakamata kikombe kwa mikono yote miwili. Chapati uliwapa bodaboda.

Ulikuwa unaficha mikono. Ulijua inatetemeka, na ulijua kuwa nikiiona nitachukua spana. Ulijua pia kwamba kuzungusha injini kwa mkono kunataka nguvu, na nguvu hukuwa nazo, basi ukafunika bila kuzungusha. Ulinifundisha jambo moja kubwa kuliko yote, ukaliacha wewe, na ukaona bora gari la watu liharibike kuliko mimi nikuone umechoka. Mimi! Niliyekubeba mgongoni mpaka chooni hospitali. Ulidhani ningekucheka?

Nilikuwa na tambara lenye petroli mkononi. Nataka ujue hilo. Kupangusa mara moja tu, kile kijimstari kinakwenda, nukta zinakwenda, na ningeinua kichwa niseme huu mkanda ni wa Salumu. Watu wangeamini, maana breki za yule dada wote walizisikia. Salumu angeumbuka, wewe ungebaki msafi, mimi ningebaki na ovaroli yangu. Nilisogeza tambara mpaka likagusa mkanda.

Kisha nikamwona Salumu kwenye kile kiti, anasubiri, na nikaona kazi yangu ingekuwa ile ile ya kwake, kuchukua kosa la mtu na kumbandika mwingine. Nikalitupa tambara. Nikainua kichwa nikamwambia Mzee Athumani, "Mzee wangu, samahani sana. Hii ni kazi ya marehemu. Taimingi imekosewa jino moja."

Salumu safari hii hata hakushika kifua. Alicheka. Alicheka na vijana wa bodaboda wakaangalia pembeni. Mdogo wako amesema uongo juu yako tangu arobaini, na mara hiyo moja alipopatia, nilikuwa mimi niliyemthibitishia. Hilo nakudai, na sijui utanilipa vipi.

Nilifunga upya. Nililegeza, nikarudisha gia nyuma jino moja, nikakaza, nikazungusha kwa mkono mizunguko miwili, taratibu. Nukta zako zikatazamana. Nilipowasha, injini ikatulia. Mzee Athumani aliweka kiganja juu ya boneti akasikiliza kwa muda, kisha akavua kofia. Akasema, "Mimi msiba ulinipita, nilikuwa shambani. Sikuwepo mlipoombwa kumsamehe. Basi mimi nami nimemsamehe." Akapanda gari akaenda kubeba alizeti yake.

Mimi nikavua ovaroli, nikaitundika kwenye msumari wako, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Salumu aliniita, si kwa wema, alikuwa na magari mawili yamefunguliwa na hajui yanafungwaje. Sikugeuka.

Maneno ya yule mzee hayaniachi. Nawe nakukumbusha. Kijijini kwenu, jeneza lako likiwa mbele yetu, mjomba wako alisimama akasema kama kuna mtu ambaye marehemu alimkosea, amsamehe. Watu wakajibu, "Tumemsamehe!" Mimi Mkristo niliyesimama nyuma na viatu mkononi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ndugu zako, hadi shemeji yako akageuka. Nilijibu haraka kwa sababu niliona hakuna cha kusamehe.

Sasa ninacho, na ule msamaha niliokupa nauchukua tena. Usikasirike. Niliutoa kwa pupa, na wewe ulinifundisha kuwa kazi ya pupa inafunguliwa upya.

Nimepata kibanda Msalato, kwa jamaa anayeziba pancha. Mama Zuhura nilimweleza yote, nikidhani atanifukuza. Alilia, akasema usiku ulikuwa unalala umekalia mikono yako asiione. Kisha akaingia ndani akanipa ile chupa ya rangi ya kucha. Imebaki kidogo, chini kabisa.

Nitayatafuta magari yote uliyoyafunga nilipokuwa nimetumwa chapati. Lile la mwalimu wa Ihumwa, lile la muuza mkaa, na mengine, nitauliza mpaka niyapate. Nitayafungua moja moja. Nitakayoyakuta sawa nitayafunika na kukusalimia. Nitakayoyakuta yamekosewa nitawaambia wenyewe ni kazi ya nani, nitarudisha jino mahali pake, nitayazungusha kwa mkono. Nukta zako sitafuta hata moja. Zangu nitaziweka kando ya zako, kwa rangi ile ile, mpaka iishe.

Kwaheri, Fundi. Lala huku mikono yako iko wazi, hakuna anayeicheka. Nikifunika gari la mwisho nitapanda basi la Kondoa, nitasimama pale tulipokuzika, na nitalisema tena lile neno, safari hii polepole, nikijua ninasamehe nini.

Mimi Yona, bado nimenuna.